Aliniuliza Mara Moja Tu

Wasomaji waliokuwa nami Jumamosi iliyopita waliniacha kwenye kituo cha treni cha Roermond, nimesimama na sanduku langu, koti la msiba bado mwilini, nikimngoja dada yangu Fien aje kunichukua.

Kwa aliyefika leo nitasema kwa kifupi. Naitwa Resi. Nilizaliwa Limburg, kusini kabisa mwa Uholanzi, nikaolewa Groningen, kaskazini kabisa, na mfuga ng'ombe aitwaye Reint Dijkema. Miaka ishirini na kitu tumeishi huko, sisi wawili na mama yake, katika nyumba iliyosimama peke yake kwenye uwanda wenye upepo.

Baba yangu alipofariki, Reint aliniuliza kama nataka aje kwenye mazishi. Nikamwambia, "Si lazima, una ng'ombe wako."

Hakuja.

Nilimzika baba bila mume ubavuni. Nikarudi kaskazini kuchukua nguo tu, nikaondoka bila kugombana. Ugomvi unataka nguvu, na mimi sikuwa nazo.

Wengi mmenitumia ujumbe wiki hii. Mama mmoja ameniambia mwanaume asiyemzika baba mkwe wake hafai hata kuoshewa kikombe. Nakushukuru, mama. Siku zile ningesoma maneno yako ningeyakata na kuyabandika ukutani. Leo nayasoma na kunyamaza, na mkinifuata hadi mwisho mtajua kwa nini.

Basi, Fien alikuja kunichukua.

Nyumba ya Fien haina ukimya. Yeye anaongea, mumewe Sjra anaongea, redio inaongea, na jirani yao Bi Pijls anaongea kupitia dirishani. Wote kwa pamoja. Mtu akianza sentensi, mwingine anaimalizia, wa tatu anaipinga kabla haijafika mwisho, na hakuna anayeona ameonewa. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Kwetu kumkatiza mtu ni kumwambia, niko nawe, nakusikia.

Siku za kwanza nililia kwa raha. Kaskazini nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kusikilizwa kwa kelele.

"Kaa, mdogo wangu," Fien aliniambia. "Kaa upendavyo. Hapa ni kwako."

Nikakaa.

Jumapili Fien huoka keki bapa ya cheri, ile ambayo kwetu haikosekani mezani. Alinipa kipande. Nilipomaliza akasema, "Ongeza kingine."

"Haya," nikasema, nikasogeza sahani.

Fien alinitazama kidogo kabla ya kukata. Sikuelewa. Usiku mmoja, siku nyingi baadaye, ndipo nilipokumbuka: kwetu kipande cha pili hukataliwa kwanza. Unasema hapana, nimeshiba. Unabembelezwa. Unasema hapana tena. Unabembelezwa zaidi, unakubali, na kila mtu amefurahi. Mimi nilikubali papo hapo, kama mtu wa Groningen.

Wiki zikapita.

"Kile chumba cha juu kina unyevu," Fien akasema asubuhi moja. "Sijui kama kifua chako kitakiweza."

"Hakina unyevu," nikamjibu. "Nalala vizuri sana."

Siku nyingine akasema, "Sjra mgongo unamsumbua. Angependa mara mojamoja kulala kitandani peke yake. Lakini ndiyo hivyo, hatuna chumba kingine."

"Pole yake shemeji. Amwone daktari."

Siku nyingine tena. "Bi Pijls ananiuliza kila siku, mdogo wako ataondoka lini. Mdaku yule."

"Mwambie bado sijaamua," nikasema, nikaendelea kumenya vitunguu.

Wasomaji wangu mnacheka. Ninyi mmeshaelewa tangu ule unyevu. Waswahili walisema, akufukuzaye hakwambii toka. Lakini miaka ishirini na kitu mimi nimeishi na watu ambao wakitaka utoke, hukwambia toka. Sikio langu lilikuwa limebadilika bila kuniaga.

Katikati ya siku hizo Reint alipiga simu. Ilikuwa Jumapili, baada ya misa.

"Mambo yakoje?" akauliza.

"Yako hivyohivyo. Kwenu?"

"Hivyohivyo."

Kisha akanyamaza. Reint hunyamaza kwenye simu kama mtu aliyeweka kipokezi mezani akaenda kukamua. Mimi siwezi ukimya. Ukimya kwangu ni shimo, na nikiliona nalijaza na chochote kilicho karibu. Siku ile kilichokuwa karibu ni machungu.

"Nimechoka na upepo wenu, Reint," nikamwambia. "Nimechoka na tope. Nimechoka na ng'ombe wanaokuona kuliko ninavyokuona mimi. Sitaki hata kuliona tena shamba lile."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Kisha, "Sawa."

Nikakata simu, nikalala kifudifudi. Mnajua nilichokuwa nataka. Nilitaka aseme, wacha hayo, mke wangu, rudi nyumbani, upepo tutaufungia dirisha. Kwetu mwanamke anayelalamika amenyoosha mkono. Anataka ushikwe.

Reint hakushika. Aliyachukua maneno yangu akayaweka mfukoni yalivyo.

Jumamosi iliyofuata, gari letu lilisimama mbele ya nyumba ya Fien. Alikuwa ameendesha nchi nzima, toka juu hadi chini, na hakuwa amesema anakuja.

"Karibu shemeji, karibu, kaa, umechoka, barabara ilikuwaje, utakunywa kahawa?" Fien alisema yote hayo kabla Reint hajavua koti.

"Ndiyo," Reint akasema.

"Na keki?"

"Hapana."

"Kipande kidogo tu."

"Hapana."

"Ya cheri. Nimeoka mwenyewe leo."

Reint alimtazama kwa upole, kama anayemtazama mtu mwenye masikio mabovu. "Nimesema hapana," akarudia.

Fien aliweka kisu chini. Yeye alikuwa ametukanwa jikoni kwake. Reint alikuwa amelazimishwa keki na mwanamke asiyesikia. Mimi nilikuwa katikati nikiwaelewa wote wawili, na niwaambieni, hakuna kazi inayochosha kama hiyo. Ukiwa huelewi, angalau unapumzika.

"Nimekuja," Reint akaanza.

Ana desturi ya kuvuta pumzi kabla ya neno, kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisimani. Lazima ungoje ndoo ifike juu.

"Kumchukua mkeo," Fien akamalizia.

"Na kuomba radhi," Sjra akaongeza kutoka kwenye kochi.

"Lazima aombe radhi," Fien akasema. "Baba mkwe anafukiwa, wewe uko na ng'ombe. Mimi sisemi kitu, lakini watu walisema. Bi Pijls alisema. Padre mwenyewe alishangaa."

"Padre hakushangaa," Sjra akasema. "Padre alikuwa na mafua."

"Alishangaa na mafua yake."

Reint akafunga mdomo. Akanywa kahawa. Baadaye nilimwona akivuta pumzi tena. "Nilitaka kumuuliza Resi..."

"Ongeza sukari, hiyo ni chungu," Fien akamwambia.

Nikamhurumia. Nikasimama nikasema, "Twende tukatembee."

Tulishuka hadi mtoni. Mto Maas siku hiyo ulikuwa umejaa, wa rangi ya chai ya maziwa. Tulitembea kandokando yake. Nilikuwa namngojea aseme neno moja kuhusu baba. Moja tu lingetosha. Samahani, au pole, au hata alikuwa mzee mzuri.

Akavuta pumzi.

"Kuhusu shamba," akasema.

Nikasimama katikati ya njia.

"Shamba," nikamwambia. "Baba yangu yuko chini ya udongo, hukuja kumzika, na neno lako la kwanza ni shamba?"

"Nilitaka kukuuliza..."

"Usiniulize. Usiniulize kitu chochote kuhusu shamba. Fanya utakavyo."

Mume yeyote wa Limburg akisikia maneno "fanya utakavyo" kutoka kinywani mwa mkewe, anakaa chini haraka na hafanyi kitu kabisa. Anajua ni onyo. Ni sawa na kumwambia, thubutu uone.

Reint alisimama. Aliyafikiria maneno yangu kwa muda mrefu, akiutazama mto.

"Haya," akasema.

Tukageuka. Karibu na gari akaniuliza, "Unakuja nyumbani?"

"Sijui. Labda."

Hiyo labda yangu ilikuwa ndiyo, wasomaji. Ilikuwa ndiyo iliyovaa shela, inangoja kufunuliwa. Angesema tu, njoo, Resi, ningepanda na nguo nilizovaa.

"Ukijua, niambie," akasema. Akapanda gari, akaenda.

Nilibaki pale barabarani hadi gari likapinda. Kisha nikaingia kumwaga machozi kwa dada yangu, na nikakuta hayupo jikoni. Alikuwa uani, kwenye uzio, na Bi Pijls. Dirisha lilikuwa wazi.

"Nimemwambia kwa kila njia," Fien alikuwa anasema. "Nimesema chumba kina unyevu. Nimesema mgongo wa Sjra. Nimekutaja hata wewe, unisamehe. Hasikii. Kule kaskazini wamemharibu, siku hizi lazima umgonge na nyundo ndipo aelewe. Na anakula, Bi Pijls. Hakatai kitu."

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni.

Kwa muda wote ule nilidhani nimerudi kwa watu wangu. Kumbe kule kaskazini mimi ni yule wa kusini asiyenyamaza, na hapa kusini ni yule wa kaskazini asiyeelewa. Nyumba mbili, na pote pawili mimi ni mgeni.

Fien akaingia, akaniona, akajua nimesikia.

"Dada," nikamwambia, "kama ulitaka niondoke, kwa nini hukusema?"

"Nani amesema uondoke?" Macho yake yalijaa machozi, na hayakuwa ya uongo. "Nani? Akufukuzaye hapa nitapambana naye mimi. Kaa. Kaa hata mwaka."

Nikamtazama. Safari hii sikio langu lilikuwa limeamka.

"Nitaondoka kesho," nikasema.

"Lakini mbona haraka?"

"Nimechoka na unyevu wa chumba."

Akanikumbatia, akalia begani kwangu. Asubuhi alinifungia nusu ya keki kwenye kitambaa na kunisindikiza hadi kituoni, akinisihi nibaki njia nzima. Dada yangu ananipenda. Msije mkamdharau. Alinipenda na alitaka kitanda chake, na kwa lugha yetu hayo mawili yanasemwa kwa maneno yaleyale.

Safari ya treni ni ndefu. Kadiri treni ilivyokwenda kaskazini, abiria walizidi kunyamaza. Kufika Groningen behewa zima lilikuwa kimya na mimi nilikuwa na keki mapajani.

Sikuwa nimemwambia Reint nakuja. Nilishuka basi kwenye njia panda, nikatembea kando ya mfereji hadi nyumbani. Ng'ombe walikuwa malishoni. Nilishangaa moyo wangu ulivyotulia nilipowaona, wanyama wale niliokuwa nawatukana kwenye simu.

Mama mkwe wangu, Tjaakje, alikuwa chumba cha mbele, bakuli la viazi mapajani. Ana umri mkubwa sasa na anatembea kwa fimbo, lakini viazi hajamwachia mtu.

"Moi," akasema. Ndiyo salamu yao ya kuja na ya kuondoka, neno moja tu, ili kuokoa nguvu.

"Moi, mama."

"Umerudi."

"Nimerudi."

"Umenenepa."

"Kwa Fien wanakula."

"Inaonekana." Akakata jicho la kiazi. "Kisu kingine kiko kwenye droo."

Zamani ningekwenda chumbani kulia. Siku ile nilikwenda kwenye droo. Kwa lugha ya Tjaakje kisu kile kilikuwa zulia jekundu.

Tulimenya. Nilijaribu kunyamaza kama yeye nikashindwa.

"Mama, nikuulize kitu. Kwa nini hukumwambia Reint aje kwenye mazishi ya baba?"

"Alikuuliza wewe."

"Aliniuliza, ndiyo."

"Ulimjibu nini?"

"Nilisema si lazima."

"Basi. Lawama inatoka wapi?"

"Nilitaka aniulize tena, mama."

Tjaakje akaacha kumenya. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeambiwa kwamba kwetu viatu huvaliwa mikononi.

"Kwa nini akuulize tena? Mara ya kwanza hakusikia?"

"Alisikia."

"Wewe ndiye hukusema kweli?"

"Nilisema kwa adabu."

"Adabu." Alilitamka neno hilo kama anayeonja mchuzi wa mtu mwingine. "Mimi nikimuuliza mtu mara ya pili, ni kwamba namwona mwongo. Reint hajawahi kukuona mwongo."

Viazi viliingia kwenye maji, kimoja kimoja.

"Hata hivyo alikwenda," Tjaakje akasema.

"Alikwenda wapi?"

"Kwenye mazishi yenu. Jirani Eppo alikuja kumkamulia. Reint alivaa suti nyeusi, akaondoka alfajiri. Aliporudi alisema alikaa ndani ya gari ng'ambo ya kanisa hadi mlipotoka na jeneza."

Kisu kiliniponyoka.

"Mama, wiki zote hizi. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza," akasema. Akakivuta kisu changu kwa ncha ya fimbo, akakisukuma kwangu.

Reint aliingia kwa mlango wa nyuma alipomaliza kukamua jioni. Nje bado kulikuwa na mwanga. Aliniona jikoni, akasimama. Akanawa mikono muda mrefu kuliko kawaida.

"Moi," akasema.

"Moi."

Akaketi mbele yangu. Nilikuwa nimejiapiza njia nzima kutoka chumba cha mbele hadi jikoni: safari hii ningengoja ndoo ifike juu.

"Ulikuwa nje ya kanisa," nikasema.

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuingia?"

"Ulisema si lazima."

"Sasa kwa nini ulikuja?"

Akanyamaza. Mdomoni mwangu yalijaa majibu manne ya kumsaidia. Nikayauma yote. Saa ya ukutani ikawa inagonga, na Reint anatazama mikono yake, na mimi nauma.

"Huenda ungebadili mawazo," akasema hatimaye. "Simu niliishika mkononi. Ungepiga, ningevuka barabara tu." Akapumzika. "Kisha mkatoka. Fien alikuwa amekushika. Nikaona una mtu. Nikarudi."

Niliweka mkono wangu juu ya wake. Miaka yote ile, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa kumsikia akimaliza.

"Baba yako alikuwa mtu mwema," akasema. "Aliwahi kunicheka nilipokataa keki. Sikukasirika."

Nikacheka na kulia pamoja. Nikaamua kwamba na mimi nitasema kama wao wanavyosema, moja kwa moja, bila shela wala kubembelezwa.

"Nimerudi, Reint. Nataka kuishi hapa."

Nilidhani atafurahi. Uso wake ukageuka rangi.

"Hapa wapi?"

"Hapa nyumbani. Shambani. Na upepo wake."

Akauondoa mkono wake chini ya wangu polepole.

"Resi," akasema. "Nimempa Eppo mkono."

Eppo Wiersema ni jirani yetu wa upande wa mashariki. Tangu niolewe anaitamani ardhi yetu, na hajawahi kuficha. Na kupeana mkono huku, kwa asiyejua, si salamu. Mkono ukishashikwa, jambo limekwisha. Karatasi huja baadaye, kwa ajili ya serikali.

"Mkono wa nini?" nikauliza.

"Malisho yote na ng'ombe. Jana usiku, niliporudi kutoka kwenu. Nyumba bado, hiyo inataka sahihi yako. Nilidhani tutatafuta nyumba ndogo kule. Karibu na Fien."

Nilimwona babu yake akitutazama kutoka kwenye picha ukutani. Babu yule na baba yake walichimba mifereji ya malisho yale kwa mikono.

"Bila kuniuliza, Reint? Bila hata kuniuliza?"

"Nilikuja kukuuliza," akasema. Hakupandisha sauti. "Niliendesha hadi kwenu kukuuliza. Mlikuwa mnaongea."

"Na mtoni?"

"Mtoni ulisema nisikuulize. Ulisema nifanye nitakavyo. Mimi sikutaka kuuza, Resi. Lakini kwenye simu ulisema hutaki kuliona tena shamba. Nikauliza, kweli? Ukasema, kweli kabisa."

"Nilikuwa nalalamika tu."

Alinitazama kwa macho mekundu. Sikuwahi kuona macho ya Reint mekundu, hata mwaka ule ng'ombe walipougua.

"Mtu hulalamika ili iweje?" akauliza.

Aliuliza kwa kutaka kujua.

"Rudi kwa Eppo," nikamwambia. "Nenda sasa hivi. Mwambie mkeo amebadili mawazo."

"Nimempa mkono."

"Mwambie hatukuelewana. Atatuelewa, ni jirani."

"Resi. Nimempa mkono." Alisema kama mtu anayeombwa akaibe. Nikajua kwamba yule mwanaume niliyekuwa nimetoka kumsikia kwa mara ya kwanza, anayeamini kila neno kama lilivyo, ndiye huyuhuyu asiyeweza kurudisha la kwake.

"Mama anajua?"

Reint akatazama mlango wa chumba cha mbele.

"Hajaniuliza," akasema.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Huku jirani habishi hodi. Alikuwa Eppo, ameegesha baiskeli ukutani, amevua viatu vyake vya mbao, amebaki na soksi za sufi. Aliniona, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Moi, Resi. Nilikuona ukipita na sanduku. Vizuri umerudi."

"Moi, Eppo."

"Kesho naenda kwa wakili kuandikisha," akasema. "Reint ananiambia na wewe umekubali. Mimi namwamini. Lakini umezaliwa mbali na hapa, nikaona nisikie kwako mwenyewe."

Akavuka jikoni na soksi zake, akaninyooshea mkono. Mkono mpana, safi, ulionawishwa kwa ajili yangu.

"Umekubali?"

Reint alikuwa anatazama meza. Niliujua uso ule. Nikisema hapana, mume wangu atakuwa amemdanganya jirani yake, naye hatainua tena kichwa katika nchi hii. Nikisema ndiyo, itakuwa ndiyo, na hakuna atakayeuliza mara ya pili.

Nikafungua mdomo.

Nyuma yangu, chumba cha mbele, bakuli la viazi liliwekwa sakafuni. Kisha nikasikia fimbo, taratibu, ikija kwenye korido, hadi mlangoni pa jikoni.

"Akubali nini?" Tjaakje akauliza.